Mama Mdogo Anawaosha Miguu Wanaosafiri

Admin, asante kwa kukubali kunificha. Naomba usitaje ofisi yangu, na jina la binti nililotumia humu si lake.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, naishi Buyenzi hapa Bujumbura. Ni karani katika ofisi ya serikali inayowapokea wasichana waliopelekwa Uarabuni kwa ulaghai na kurudishwa nyumbani. Wao wanasimulia, afisa anauliza, mimi naandika kwa Kifaransa. Kazi hii niliipenda. Kila dosiye, yaani jalada la kesi, iliyofika kwa mwendesha mashtaka, nilijiona nami nimechangia kidogo.

Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Aliyenilea ni mdogo wake, mjane anayeuza vitenge. Alinibeba mgongoni, akanisomesha hadi chuo kikuu, na hata leo nikichelewa kurudi ananifunikia chakula. Nyumbani kwetu kuna desturi tuliyoachiwa na bibi. Mtu anayesafiri anakalishwa kizingitini, anaoshwa miguu kwa maji ya uvuguvugu yenye karafuu na chumvi, kisha anaambiwa, "Mguu uliokutoa, ukurudishe." Nami nilioshwa nilipokwenda Gitega kwa mafunzo. Sijaona nyumba nyingine inayofanya hivyo.

Jumatatu aliletwa ofisini binti wa mtaa wa Kinama, nimwite Zaituni. Anatembea kwa mkongojo. Huko alikokuwa alifungiwa ndani, akaruka dirishani kutoka ghorofani. Shefu wetu, mkuu wa ofisi, mtu mpole mwenye mabinti, alimuuliza ni nani aliyemtafutia safari. Zaituni akatazama chini.

"Jina siwezi, shefu. Nilishika musahafu, nikaapa. Nikilitaja, mutoto wangu atapatwa na kitu."

"Aliyekuapisha ndiye aliyekuuza, mwanangu. Hicho ni kiapo gani?"

"Najua. Lakini ni musahafu."

Shefu hakumlazimisha. Akamwomba aeleze tu ilivyokuwa siku ya kuondoka. Zaituni akasema walipita barabarani wakavuka mpaka, maana uwanja wa ndege siku hizi askari wanauliza sana. Kisha akanyoosha mguu wake uliopinda.

"Yule mama aliniosha mguu huu huu, na maji ya karafuu. Akaniambia, mguu uliokutoa, ukurudishe. Sasa angalieni umenirudisha namna gani."

Niliandika kila neno, sikuficha hata moja, lakini katika ofisi ile hakuna aliyejua maana ya maneno yale isipokuwa mimi. Shefu alikuna kichwa. "Mwanamke anayeosha watu miguu nitamtafuta wapi, Bujumbura nzima hii? Bila jina, dosiye hii italala."

Jioni nilipofika nyumbani, nilimkuta binti mgeni kutoka Musaga ameketi uani akimenya vitunguu. Wasichana kama yeye wamepita kwetu wengi. Mama mdogo aliniambia wanakwenda Uarabuni na kampuni yenye kibali cha serikali, nami nikamwamini, kwa sababu ni yeye. Huyu, akasema, anasafiri Ijumaa baada ya swala.

"Kwa ndege?" nikauliza.

"Apana, kwa barabara. Wakubwa wenu si wamejaza maswali kule uwanjani? Ama wamelegeza kidogo?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila jioni ananiuliza habari za kazini. Nikajikaza, nikamuuliza mama mdogo habari za Zaituni wa Kinama, ambaye huenda alipita kwetu nilipokuwa Gitega, anaendeleaje huko Uarabuni.

"Yule? Anakula raha. Wakala ameniambia amenenepa mpaka nguo zinambana." Akacheka. "We unakauka hapa na makaratasi yako, wenzako wananenepa."

Binti wa Musaga naye akacheka. "Da, mi nitakutumia pafyumu. Ukinukia, utapata bwana."

Sijui kama mama mdogo alikuwa ananidanganya au naye anadanganywa na huyo wakala. Nimesikia kwa masikio yangu akiwataja wasichana hao mmoja mmoja katika dua zake. Je, mtu anamwombea mtu aliyemuuza? Lakini kama haoni ubaya, kiapo cha msahafu ni cha nini? Nazunguka hapo hapo, sipati pa kutokea.

Jana nilimvuta yule binti pembeni nikamwambia asiende, nikamweleza niliyoyaona ofisini. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Da, we una biro yako ya serikali na kiti chako. Mi nibaki hapa na nini?" Na jana hiyo hiyo, kwa mara ya kwanza, mama mdogo hakuniuliza habari za kazini. Alinipakulia chakula, akanitazama nikila.

Nikimtaja kwa shefu, atafungwa. Ana sukari, miguu yake inavimba, jela hatatoka salama. Mtaa mzima utasema nimekula chakula chake kisha nikamkabidhi kwa polisi. Nikinyamaza, keshokutwa msichana yule anayeniita dada atakaa kizingitini anyooshe miguu yake. Na nitakuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki cha ofisini, siku moja, nikiandika maneno yake kwa Kifaransa, kama atarudi.

Asubuhi hii mama mdogo amenituma karafuu. Nimezinunua, ziko ndani ya mkoba wangu, na harufu imejaa chumba kizima. Shefu yuko chumba cha pili, mlango wake uko wazi, namsikia akikohoa. Mara mbili nimesimama, mara mbili nimekaa.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa ninyi mliolelewa na mtu asiyekuzaeni, msinitukane. Nishaurini, nifanye nini? Ijumaa ni keshokutwa.