Siku Mama Alipokubali Kupanda Fizi

Tangu watu wa mji wa Fizi, kule mlimani, walipofyeka kichaka kilichokuwa kimezimeza kuta za zamani za Wabelgiji, wakapanda maua na kuweka mabenchi, nilimwomba mama mara nyingi twende kupaona. Niliambiwa kwamba ukiwa kule juu unaliona ziwa lote. Isitoshe, baba yake alibeba mawe ya kuta zile enzi za ujana wake, kwa hiyo nilidhani angefurahi. Kila mara alinitajia magoti yake, vumbi la barabara, na nani atabaki na kuku. Mwishowe nikaacha kuomba.

Kisha yaya, dada yangu mkubwa, akaja kutoka Amerika. Wakati wa vita tulikimbilia Tanzania wote watatu. Mama na mimi tukarudi kwetu Baraka, yaya akabaki kambini mpaka walipompeleka ng'ambo. Hakuwa amekanyaga nyumbani tangu nikiwa msichana. Jioni moja, tukila bugali na samaki wa mikeke, akasema kesho tupande Fizi tukaone zile kuta. Mama akanawa mikono taratibu, akajibu, "Tutaenda." Hakutaja goti hata moja.

Asubuhi nilimkuta amevaa kitenge nilichomnunulia siku ya Noeli. Kitenge hicho alikuwa amekikunja sandukuni akisema ni cha kuzikwa nacho. Nilichukua maji, mwavuli na dawa zake, nikaketi mbele kando ya dereva. Wao wawili walikaa nyuma wameshikana mikono. Njia nzima ya kupanda milima nilimsikia mama akicheka, kicheko chepesi cha binti aliyepelekwa harusini, na mimi niliyeishi naye miaka yote hiyo sikujua kama bado anacho. Nilitaka kugeuka nimtazame, nikaona haya.

Bustani yenyewe inapanda na kilima. Kuta za mawe zinaifuata, pengine zimefika kifuani, pengine zimebomoka zikabaki kama kiti. Wanafunzi walikuwa wakipigana picha kwa simu. Mama alitembea polepole ameshikilia mkono wa yaya, nami nikawafuata nyuma na sakoshi ya yaya, mkoba wake wa mkononi, begani. Nani alinipa hata sikumbuki.

Kwenye kona moja mama akasimama, akaweka kiganja juu ya jiwe. Akaanza kumsimulia yaya jinsi mama yake alivyokuwa akimtuma kuleta chakula cha baba, mihogo iliyochemshwa, imefungwa kwenye majani ya ndizi. Mlinzi hakuruhusu watoto wakaribie. Basi alikaa chini ya mteremko, na baba yake, kila alipopita na jiwe begani, alikohoa kumjulisha kwamba amemwona. Usiku mama yake alimpaka baba mawese pale bega lilipochunika.

Nilisimama na ile sakoshi kama mtu asiyehusika. Mwanamke huyu mimi humnyoa nywele. Nimemwogesha alipougua, nimelala chini kando ya kitanda chake. Habari ya kikohozi cha babu sikuwahi kuisikia. Yaya alikuwa amefika juzi tu, naye akapewa yote.

Tulipofika juu kabisa, ukuta uliishia na ziwa likafunguka. Wingu lilikuwa limeshuka, maji yalikuwa ya kijivu kama majivu ya jikoni, na rasi ya Ubwari ilionekana kama mgongo wa mnyama aliyelala. Yaya alimshika mama mabega, akamgeuza upande huo.

"Mama, unaona Ubwari? Unaona ile mitumbwi?"

"Ninaona, mama. Ninaona muzuri. Maji iko bluu sana leo."

Nilijua haoni kitu. Daktari alishatuambia ni mtoto wa jicho, jicho moja limekwisha kufunikwa na la pili linafuata. Nyumbani hutia kidole kikombeni ajue chai imefika wapi. Mtu akibisha mlangoni, hunyamaza mpaka asikie sauti. Mimi nikimwonyesha kitu hunijibu kwa mkato, "Sione kitu," na kuendelea na shughuli zake.

Yaya alilitazama ziwa, kisha akanitazama mimi. Alimkalisha mama kwenye benchi, akanivuta kando.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikamweleza. Machozi yakamlenga. Akauliza kwa nini mama amemficha, yeye ambaye huzungumza naye kwa simu kila Jumapili.

"We ni mugeni," nikamwambia. "Mugeni haambiwe shida."

Maneno yalitoka makali kuliko nilivyotaka, lakini sikuyarudisha. Yaya alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akarudi kwa mama. Hakumwambia kwamba ameng'amua. Akaketi karibu naye, akaanza kumtajia kila kilichokuwa chini yetu: moshi wa mashamba, barabara inayoshuka, mtumbwi mmoja uliojitenga na mingine. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa, uso wake umekunjuka kwa furaha.

Ningeweza kujifariji kwamba mimi ndiye ninayeambiwa ukweli. Watu wengi wangesema hiyo ndiyo heshima kubwa. Lakini pale kwenye ukuta nilikuwa tayari kuitoa heshima hiyo, ili mama anidanganye mara moja tu kwa sauti ile, aogope kunihuzunisha.

Jioni, tuliporudi Baraka, majirani walikuja kumsalimu mgeni. Nilikuwa uani nikichambua ndagala, wale dagaa wa ziwani, dirisha la saluni, sebule yetu, likiwa wazi. Nilimsikia mama akiwasimulia alivyoona Ubwari, na maji ya bluu, na mtumbwi mmoja uliokuwa peke yake mbali na mingine. Alisimulia vizuri sana, hata mama mmoja akasema lazima naye apande. Nilisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikanawa mikono, nikawapelekea chai.