Siku Nne Katika Ghala la Majaribio

Kazini walimwita Bi Ngoja, kwa sababu hakuna programu iliyotoka bila yeye kuiambia ingoje. Ofisi yao ilitengeneza programu za zahanati. Kila kifurushi kipya cha programu kilianzia ghala la majaribio, hifadhi ya ndani ya kompyuta, kikajaribiwa kwenye kompyuta kumi kuukuu zilizopangwa ukutani, za aina ileile iliyoko zahanati. Kikinusurika majaribio yote, ndipo alipokihamishia ghala kuu, ambako kompyuta za zahanati zote hujichukulia programu.

Mkuu wa watengenezaji alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Miaka miwili nyuma alimwomba neno la siri la kuingilia ghala kuu kwa jina lake. Akampa, ni ndugu. Shemeji akaruka majaribio, akatupia kifurushi moja kwa moja ghala kuu saa sita mchana. Kufikia saa nane zahanati arobaini zilikuwa haziwezi kufungua faili la mgonjwa hata mmoja.

Kwenye kikao shemeji alikunja mikono. "Jina lililoingia ghalani ni la nani? Si langu."

Bi Ngoja akahamishiwa kupokea simu. Miaka miwili alitukanwa na watu asiowajua, na nyumbani mama mkwe akamwambia amemtia mwanawe aibu. Hakujitetea. Aliyameza yote, na hakuna lililosagika.

Aliyewekwa ghalani baada yake alipoacha kazi, mkurugenzi alimrudisha Bi Ngoja. Siku hiyohiyo Bi Ngoja alibadilisha neno la siri.

Kisha shemeji akaleta kifurushi chake kikubwa, cha kuonyeshwa wakuu Alhamisi. Jumatatu asubuhi Bi Ngoja alikipakia kwenye zile kompyuta kumi. Kwenye tatu, orodha ya dawa zinazomdhuru mgonjwa ilifutika yote. Alirudia mara mbili. Akachapisha matokeo, akayafungia kwenye droo.

Shemeji alipita Jumanne. "Mambo shwari, shemeji?"

"Bado najaribu."

Jumatano akapita tena, akapewa jibu lilelile.

Alhamisi, shemeji alisimama mbele ya wakuu wote, tai imenyooka, akatangaza kwamba kifurushi kiko tayari kwenda zahanati. Bi Ngoja akainuka taratibu, akagawa karatasi za matokeo yale, moja kwa kila mtu, ya shemeji ikiwa ya mwisho.

"Hakijatoka ghalani," alisema. "Na hivi kilivyo, hakitoki."

Shemeji alisoma, akaigeuza karatasi kifudifudi mezani. Jioni ile alivuliwa ukuu.

Nyumbani, mume wa Bi Ngoja alikuwa ameshapigiwa simu na kaka yake.

"Ulijua tangu lini?" akamuuliza.

"Jumatatu."

"Siku nne, mke wangu. Ungemnong'oneza tu, angerekebisha."

"Ningeweza kumnong'oneza."

Mumewe alisukuma sahani, akatoka nje. Yeye akabaki mezani, akala chakula chake chote, kisha akajiongezea. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili chakula kumpita kooni bila maji.