Siku Patalo Ilipasukia Juu ya Mashini

Mucheke tu, bandugu, mimi mwenyewe nilisha kulia yangu: ndiyo, ni mimi Gaspard, ule balionaka na kaleso tu, nguo ya ndani, juu ya mashini, mbele ya baba mukwe.

Ile wakati nilikuwa natumika mu magazini ya unga, pembeni ya gare ya treni ya Élisabethville, na bazungu balileta mashini mupya, yenye meno mawili ya chuma mbele, inanyanyua mifuko mupaka karibu na bati. Kuiendesha bila masomo, hapana! Moniteri wetu, muzee moja wa Ubelgiji, alitukaririsha kila asubui: salopeti, nguo ya kazi ya kufunga bifungo, bantu babakie nyuma ya mustari wa chaki, na zaidi ya yote, usishuke kama muzigo ingali juu, hata nyumba ikiungua.

Siku ya egzame, ule mutihani wa kuendesha, balituruhusu kualika jamaa, nikamualika Papa Kabange, baba ya Véronique, mwenye kazi ya freni, ya kusimamisha treni, muzee wa misa ya kila siku, na alikuwa hajajibu bado kama atanipa binti yake. Sasa niende mbele yake na salopeti ya mafuta? Nikavaa patalo yangu ya dimanshi, siku ya Mungu, ile ya miguu mipana kama masketi mawili (nilijiona muzuri, munisamehe), nikaificha na koti murefu ya kazi.

Nikapanda, nikabeba mifuko, bantu banapiga makofi; kufika mbele yao nataka kukanyaga freni, kumbe patalo imeshikwa na mukono wa kunyanyulia, nikivuta mguu muzigo inapanda, nikivuta tena inapanda tena, nikavuta na nguvu yote: praaa! Patalo ikapasuka toka mukaba mupaka chini, na mufuko wa juu ukaanguka kando ya chaki, unga ikafunika bote.

"Gaspard, ruka, jifunike!" mama moja akalia.

"Usishuke!" moniteri akapiga kelele. "Teremusha muzigo!"

Nilitamani kuruka nikimbie mupaka kule mbali Pweto. (Kwetu, baba mukwe haonaki hata magoti yako.) Lakini mifuko ilikuwa inayumba, nikabakia, mguu wazi juu ya freni, nikateremusha polepole mupaka meno ikagusa simenti. Hakuna aliyeumia. Papa Kabange akavua koti yake, akanifunga kiunoni, macho kwenye ukuta.

Egzame nilianguka, na ilikuwa haki. Magaribi Papa Kabange akafika kwetu, nikajua ni mwisho.

"Mu treni," akasema, "nimeona bantu banaruka, vagon inaenda yenyewe, inaua. Weye na haya yako yote ulibakia. Dimanshi lete bazee bako, tuzungumuze."

Roho ikashuka, bandugu! Nilikula bukari ile magaribi kama muntu ametoka hospitali. Na egzame ya pili nilivaa salopeti mupaka bifungo bya shingo, sikualika hata paka. Véronique mwenyewe nilimuambia tu kisha kushuka ku mashini, kwamba nimepita.