Ukigonga Paja, Naachia

Bariadi waliniita Mkorea, mimi Msukuma wa Maswa, mweusi tii. Nilikuwa nimejifunza taekwondo, mapigano ya Kikorea, huko Mwanza, nikarudi na suti nyeupe ya mazoezi niliyoiokota kwenye mitumba, nikaanza kufundisha katika ghala la ushirika. Ghala lilikuwa tupu. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia, kila mmoja na mizani yake, na ushirika ukabakiwa na popo. Tulifagia, tukatandika magunia.

Wavulana walinichosha. Kila mmoja alitaka kuruka mateke kama kwenye video. Kujikinga hakutaka hata mmoja. Msichana alikuwa mmoja tu, binti wa jirani yangu, aliyekuwa akijifunza ushonaji. Huyo alisema waziwazi: "Mwalimu, mateke wape hao. Mimi nifundishe kujitoa mikononi mwa mtu."

Nilimwelewa. Kwetu, kijana akimtaka binti na maneno yakagoma, aliwakusanya wenzake, wakamkamata njiani wakampeleka nyumbani kwa kijana, na asubuhi wazee wakatumwa kuzungumzia ng'ombe. Kulikuwa na kijana wa Migato aliyekwisha kukataliwa, na bado aliulizia binti huyo hupita njia ipi kwenda mnadani. Binti hakumtaka. Alitaka cherehani yake, basi.

Nikamfundisha. Nilimshika kifundo cha mkono nikamwonyesha kwamba kila mshiko una mlango wake, pale kidole gumba kinapokutana na vingine: zungusha hapo, vuta kwa kiwiko, kimbia. Nilipomkunja mkono hadi ukauma, aligonga paja, nami nikaachia papo hapo. Ndiyo sheria ya mazoezi, mwenzako akigonga unaachia. Alikuwa mwepesi, jamani! Mama yake alikuja kuchungulia mlangoni, akacheka. "Mbona mimi nilikamatwa na sikufa?"

Walimkamata siku ya mnada, yule wa Migato na wenzake, vijana wanne. Nilipopata habari, wazee walikuwa wamekwisha kukaa uani kwa jirani yangu, pombe katikati. Niliingia nikafoka, nikawaambia huo ni wizi wa mtu. Baba yake hata hakukasirika.

"Kaa, Mkorea," alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Ng'ombe walikuwa wamekubaliwa. Nililia njiani, mtu mzima na ndevu zangu, wala sioni aibu kusema.

Binti alikuja ghalani baada ya mavuno, amejifunga kitenge kipya cha mke wa mtu. "Mwangaluka, mwalimu," alinisalimu, akikunja goti. Nikaitikia mwangaluka. Wavulana walikuwa wameshaondoka. Akanieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba wa kwanza alimponyoka vizuri tu, vilevile tulivyofanya. Wa pili ndiye aliyemkunja mkono mgongoni.

"Niligonga paja," alisema. "Nikagonga, nikagonga. Wakacheka, wakasema bibi harusi ameanza ngoma."

Roho iliniuma mno. Naye akaninyooshea mkono.

"Nishike, mwalimu. Leo nikigonga usiachie. Nataka nijue kutoka hivyohivyo."

Nikamshika, nikamkunja kama zamani. Akakaza uso, akavuta, akazungusha, akashindwa. Kisha mkono wake wa pili, bila yeye kutaka, ukagonga paja.

Nikaachia.