Mkufu wa Mama na Waranti Iliyokwisha

Mama yangu alifanya kazi katika kiwanda cha biskuti tangu nikiwa mdogo hadi nikapata watoto wangu mwenyewe. Alipostaafu, mimi na ndugu zangu tulichanga tukamnunulia mkufu wa dhahabu kwa sonara mmoja mjini. Mama hakuwa amewahi kuvaa dhahabu. Hata pete ya ndoa, baba aliahidi tu.

Muuzaji aliuweka mkufu kwenye mizani, akatuambia, "Hii ni dhahabu tupu, si ya kupakwa. Hata wajukuu watairithi." Kwenye risiti akaandika dhahabu, na waranti ya mwaka mmoja.

Mama aliuvaa kila Jumapili kanisani, kule Shauri Moyo anakoishi. Kisha, jua likiwa kali hivyo, akaanza kujifunga kitambaa shingoni. Akiulizwa, anasema ni baridi ya uzee. Siku moja nilipokuwa nikimsuka nywele nyumbani kwangu Mowlem, nilikifungua. Shingo ilikuwa na mstari wa kijani kuizunguka yote, na vipele alivyokuwa amevikuna mpaka vikawa vidonda. Mkufu wenyewe ulikuwa umebanduka rangi. Ndani ulikuwa mwekundu kama waya wa stima.

"Mama, mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na nyinyi mlijinyima?"

Waranti ilikuwa imekwisha mwezi uliotangulia. Aliyavumilia maumivu yale waranti ikiwa hai, kwa kutuhurumia sisi.

Tulirudi dukani pamoja, yeye mwenyewe akisisitiza kuja. Meneja aliitazama risiti upande mmoja tu. "Muda umeisha, dada. Hapo hatuna la kufanya."

"Muda ni wa kitu kikiharibika," nikamwambia. "Hiki hakikuharibika. Mlituuzia shaba mkaiita dhahabu. Hilo nalo lina muda?"

Meneja aliinama akaichungulia shingo ya Mama kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. "Mama, ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Kiwandani, mwanangu."

"Basi ndiyo hiyo. Kuna watu wana jasho kali. Jasho kama lako linakula hata dhahabu."

Wateja wawili waligeuka kumtazama. Mama alirudi nyuma, akafunga vifungo vya koti lake mpaka kidevuni. Nilianza kupiga kelele, sikumbuki hata nilisema nini. Nakumbuka tu mkono wake ukinivuta. "Twende nyumbani. Tafadhali."

Alikataa kabisa kushtaki. Hangesimama mbele ya hakimu, alisema, kujadiliwa jasho lake. Kwa kuwa risiti ilikuwa kwa jina langu, nilienda peke yangu katika mahakama ya madai madogo. Karani wa pale alinieleza kile nilichokuwa nikikisema dukani bila kukijua vizuri: waranti ni ahadi ya duka tu, na ikiisha haifuti haki ya mnunuzi kupewa kile alichoambiwa ananunua. Nikafungua kesi.

Kabla siku ya kusikizwa haijafika, meneja alinipigia simu. Wangerudisha pesa zote, yaishe. Nikamwomba jambo moja zaidi: azungumze na Mama, amwambie kwamba mkufu ulikuwa shaba.

"Pesa si mmepata?" akasema, akakata simu.

Pesa zilinunua mabati ya nyumba ya Mama ya kijijini, huko magharibi mwa nchi. Vidonda vilipona, vikaacha alama nyeusi. Ndugu zangu wanasema tulishinda. Wao hawakuwepo dukani.

Siku hizi Mama huoga mara mbili kabla ya kwenda kanisani, na akifika hukaa mwisho wa benchi, karibu na dirisha. Mjukuu akimkimbilia kumkumbatia, humzuia kwa mikono yote miwili. "Ngoja bibi akaoge kwanza."

Krismasi iliyopita akina mama wa kanisa walimpa mkufu wa shanga waliouunga wenyewe. Alinipa mimi, ungali ndani ya karatasi yake.

"Vaa wewe. Mimi vitu vinaniharibikia."

Nikamwambia tena kwamba ilikuwa shaba, kwamba wale watu walilipa kwa sababu walijua walituibia, kwamba mwili wake hauna kosa lolote. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kwa upole, kama mtu anayesikiliza mtoto. Kisha akainuka, akachukua karai, akaenda kuteka maji.