Kona Pana

Mteja wangu wa Jumamosi huingia na injini yake ya treni ya kuchezea ikiwa ndani ya soksi. Iliwekwa kabatini miaka ishirini. Sasa imetolewa, inatafutiwa reli. Kuchagua kwake hakuna haraka. Hupitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kila kiungio cha reli, kisha hulaza shavu juu ya kaunta, hufumba jicho moja na kuisukuma injini polepole kwa kidole, huku akiguna. Kipande kikikwaruza, hunirudishia na kuniomba radhi, utadhani amekiharibu yeye.

Jumamosi ya tatu alikuja na mkewe. Nikawaeleza kwamba reli ya kona kali itaenea sebuleni mwao bila shida, ila kona pana itadai kochi liondoke.

"Kochi haliondoki ng'o," mkewe akasema.

Mzee akaijaribu kona kali. Injini ikapita vizuri tu. Akatikisa kichwa.

"Sasa kuna nini tena?" mkewe akauliza.

"Abiria watamwagikiwa na chai."

Mkewe akaitazama injini, ambayo haikuwa na behewa hata moja.

"Chai ya moto?"

"Ya moto."

Mama akashusha pumzi. "Haya, kochi mpe dada yako. Lakini safari ikianza, mimi nakaa dirishani."