Jirani wa Karavani ya Mwisho

Wageni walimwita Mama Kambi, maana simu ya uwanja ule wa serikali wa kupigia kambi aliipokea yeye. Mtu akitafuta nafasi, alimweleza wapi pana kivuli, wapi bomba linatoa maji kweli, na wapi karavani nzito, ile nyumba ya kuvutwa na gari, itazama mvua ikinyesha. Alikuwa na desturi yake pia, na mlinzi wa lango aliishika kama sala: ndugu wapangwe ubavu kwa ubavu, damu nzito kuliko maji.

Siku hizo binti yake alikuwa amejificha kwenye karavani ya mwisho, nyuma ya mabafu. Mumewe alikuwa amemvunja mkono, akaapa kwamba akikimbia atamfuata na kummaliza. Mama hakumwambia mtu kisa hicho, hata mlinzi, aliyemjua binti kama mgeni tu. Neno likishatoka halirudi. Kila gari lilipokata kona, alitoka kulitazama.

Asubuhi moja alikwenda kuzibua choo, akamwachia mlinzi simu. Aliporudi, mlinzi alikuwa na furaha. Alisema mtu mmoja mpole, mwenye maneno ya asali, amepiga simu akiomba nafasi karibu na ndugu yake mwenye mkono uliofungwa plasta.

"Nimempa ya jirani kabisa, mama. Kumbe alikuwa hapo nje tu. Kaingia sasa hivi."

Mama alichukua nyundo ya kupigilia vigingi vya mahema, akakimbia. Mlinzi naye akamfuata.

Mlango wa karavani ulikuwa umeng'olewa kwa mtaimbo. Mkwewe alikuwa anamburuta binti kwa nywele, kichwa kikigonga ngazi moja baada ya nyingine. Akamwona mama, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama mkwe. Nimefuata changu."

"Marahaba," alijibu mama, na nyundo ikashuka gotini.

Mkwe alianguka akinguruma, akamvuta mama chini, akamkaba koo. Mama akaona giza. Alipiga ile mikono kwa nyundo bila kuona, akapiga tena, mpaka vidole vikalia kama kuni kavu na pumzi ikamrudia. Mlinzi akafika na kamba za mahema, akamlalia yule mtu miguuni na kumfunga huku akiomba radhi, haijulikani kwa nani.

Hapo ndipo binti alipouokota mtaimbo na kuuinua juu ya kichwa cha mumewe, kwa mkono wake mmoja mzima. Damu ilimtiririka hadi kidevuni. Mlinzi akafumba macho.

"Mwanangu," mama alisema, sauti ikikwaruza, "ukimuua, utakuwa mkewe mpaka unakufa."

Kisha binti akaushusha taratibu, akaketi kwenye ngazi, akauweka magotini. Alimtazama tu mumewe akigaragara, bila kupepesa, mpaka polisi walioitwa na mlinzi walipofika, wakamwomba ausogeze mtaimbo wapite kumchukua.